Siku Niliyosema Nekesa Afunguliwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama nje ya mlango mmoja wa mabati kule Majengo kwa muda mrefu hata mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama nimepotea. Nilikuwa nimevaa fulana ya buluu iliyonizidi, na daftari nimelikumbatia kifuani. Mimi, mke wa mtu wa reli, mama wa watoto wanne, naogopa kupiga hodi! Nawaambia ninyi mlioingia kazini juzi na simu zenu za kujazia fomu: woga ule ulinifaa sana. Siku uliponiacha ndiyo siku niliyoharibu.

Tuliitwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Kila mmoja alikuwa na kaya zake, yaani nyumba alizopangiwa kutembelea. Tuliangalia kadi za chanjo, wajawazito, watu wenye kikohozi kisichoisha. Watoto wenye usonji hawakuwa na nafasi kwenye daftari. Tuliwakuta tu nyuma ya pazia, majirani wakisema ni mapepo, au mama yao karogwa huko kwao magharibi mwa nchi, au mtoto kadekezwa.

Msimamizi wetu pale zahanati, ambaye sote tulimwita Sista, ndiye aliyenifundisha hilo neno usonji. Alinieleza kwamba mtoto huzaliwa hivyo, na kwamba sauti, mwanga au kuguswa tu kunaweza kumjia kwa nguvu asiyoweza kuistahimili. Si laana, na hauambukizi. Kisha akachukua rula, akachora safu mpya pembeni mwa daftari langu.

"Waandike hapa," akasema. "Na ukifika kwa mtu, Mama Awinja, usianze kumfundisha. Muulize kwanza."

"Ndiyo, Sista," nikajibu, kama mtu anayeitikia salamu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa mtaa wa Shauri Moyo. Huko ndiko nilikomkuta Nekesa, msichana wa miaka saba. Alikuwa haongei, na ukimwita jina hageuki. Mama yake, mwenyeji wa Bungoma, aliuza mitumba soko la Gikomba, na kila alipotoka alimfunga mtoto kiunoni kwa leso yake ya kujitanda, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Leso yenyewe ilikuwa laini na ndefu, mtoto akiweza kufikia maji na ndoo yake. Jirani wa mlango wa pili alimsikilizia.

Wakati huo nilikuwa nimetoka semina. Kichwa kilikuwa kimejaa, na mdomo pia.

"Mama Nekesa, mtoto si mbuzi. Mfungue."

"Atatoka, mama."

"Funga mlango."

"Mlango huu? Si unauona? Komeo ni msumari."

"Mungu atamlinda," nikasema, na nikasimama pale mpaka akafungua fundo. Sikumuuliza kama mtoto amewahi kutoka. Nilipofika nyumbani niliandika kwenye ile safu: Amefunguliwa. Nikapiga mstari chini ya neno.

Siku ya tatu, saa kumi za jioni, Mama Nekesa alitokea mlangoni kwangu bila viatu.

"Nekesa hayuko."

Jirani alikuwa ameenda kuteka maji, na msumari tuliukuta umelala sakafuni. Hapo ndipo mama yule aliponiambia, huku akihema, kwamba mtoto alishatoka mara mbili kabla hajaanza kumfunga, na mara zote mbili alikutwa ukingoni mwa mto. Yeye akakimbilia mtoni. Mimi nikashika njia ya kwa mafundi wa jua kali, wale wanaofua mabati nje, nikiuliza kila mtu habari za msichana wa gauni la manjano, na kila mtu akitikisa kichwa.

Nilisikia kelele kabla sijaona watu. Katikati ya umati alikuwa Fundi Mutiso, mtengeneza masanduku ya bati, mtu mpole niliyezoea kumsalimia tu. Alikuwa amembeba Nekesa kiunoni, naye Nekesa anapiga mayowe, anamng'ata mkono. Mtoto yule hakuweza kushikwa na mtu asiyemjua. Fundi hakulijua hilo. Alimwona anaelekea mtoni peke yake, akamnyakua.

"Anaiba watoi wa wenyewe!" mwanamke mmoja alipaza sauti.

"Wewe, huyu mtoi ni wako?" kijana mmoja akamuuliza, jiwe mkononi.

"Si wangu, nimempata tu..."

"Si umeskia? Amesema si wake!"

Nikajipenyeza. "Namjua! Ni mtoto wa hapa kwetu! Mama yake namjua!"

"Basi muite jina, mathe. Tuone kama ataitika."

Sijawahi kuogopa swali kama nilivyoliogopa lile, kwa sababu jibu lake nilikuwa nalijua. Nikaita, "Nekesa!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, akaziba masikio na kulia zaidi.

"Hata wewe hakujui! Mko pamoja na huyu?"

Wakamnyang'anya Fundi mtoto. Nekesa akaanguka chini, akajikunja. Jiwe la kwanza likampata Fundi juu ya jicho, akapiga magoti. Nilijua litafuata la pili, na kwamba baada ya la pili hakuna anayehesabu.

Ndipo Mama Nekesa alipofika, matope mpaka magotini. Hakumwita mwanawe. Hakumkimbilia pia. Aliketi chini kwenye vumbi, hatua chache kutoka kwake, akampa mgongo. "Nyamazeni kidogo, tafadhali," akasema, na nadhani watu walinyamaza kwa mshangao tu. Nekesa akaanza kujisogeza kinyumenyume, polepole, mpaka mgongo wake ukagusa mgongo wa mama yake. Kilio kikakatika.

"Kumbe ni mama yake," mtu mmoja akasema. Mawe yakaanza kudondoka chini, na wenye mawe wakaondoka kama watu waliokuwa wakipita tu.

Nilimpangusa Fundi damu kwa fulana yangu ya kazi nikimshukuru.

"Usinishukuru, mama," akasema. "Siku ingine nikiona mtoto anaenda mtoni, nitaangalia kando."

Kesho yake nilimweleza Sista yote. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulimuuliza kwa nini alimfunga?" Nikafungua daftari, nikalikata lile neno nililolipigia mstari.

Tulimtafutia Mama Nekesa komeo la juu, ambalo mtoto halifikii. Halafu tukaanza kazi ambayo haikuwa kwenye fomu yoyote, kumjulisha mtoto mtaani. Kila Jumamosi asubuhi tulitembea na Nekesa kwa mama mboga, kwa wasukuma mikokoteni, kwa walinzi. Haongei, tuliwaambia. Usimshike, usimpigie kelele. Simama mbele yake kwa upole, na utume mtu amwite mama yake. Nilifanya vivyo hivyo kwa kila familia niliyopewa baadaye, mpaka mtaa wa Mukuru kwa Njenga.

Sasa nimestaafu, magoti yameniamulia. Watu hunipa hongera, nami napokea, maana kukataa hongera nako ni maringo. Lakini nikisikia mayowe nje, bado nasimama kabla sijajua ni ya nini.

Wiki yangu ya mwisho nilirudi Shauri Moyo kumzungusha mhudumu mpya, binti mwerevu, nimwachie njia zangu. Tulikuwa na Nekesa, ambaye sasa ananizidi kimo. Kila kibanda walitusalimia. Tulipofika kwa Fundi Mutiso, alituona, akaweka nyundo chini, akaingia ndani na kuvuta mlango.

"Na huyu naye ana nini?" binti akauliza.

"Anamwogopa mtoto," nikamwambia. "Na aliyemtia woga huo ni mimi."