Upatu wa Bibi na Chura wa Kichina

Enzi zetu Ujiji, ukitaka kujua kama Idd imekaribia uliangalia vidole vya watoto wa kike. Wiki nzima vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, kwa sababu vyombo vyote vya shaba vilishushwa rafuni na kukabidhiwa kwetu, pamoja na majivu, ndimu, mchanga laini wa ziwani na kipande cha kanga iliyochoka. Ukija kula, hata ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese ulikuwa na ladha ya shaba, na hakuna aliyekuonea huruma.

Kwa Bibi yetu, mama yake baba, kazi ilikuwa maradufu. Alikuwa na birika la kahawa la Kiarabu lenye mdomo kama wa korongo, lota la Kihindi, kile chungu kidogo cha kumiminia maji, msalaba mdogo wa shaba nyekundu kutoka Katanga, na bangili nzito za miguuni za wanawake wa Kiha wa zamani, ambazo tukizivaa tulitembea kama bata. Ujiji walipita watu wa kila upande, na kila aliyeishiwa njiani aliuza alichonacho. Bibi mwenyewe hakwenda mbali kuliko shambani kwake, lakini vitu vya dunia nzima vilikuwa rafuni.

Juu ya vyote ulikuwepo upatu. Wa rika langu mnaujua: sinia zito la shaba lisilopakuliwa chakula, linalopigwa kwa vijiti harusini. Wa Bibi ulikuwa na kiraka cha shaba nyekundu ukingoni, kilichofungwa kwa ribiti. "Sugueni mpaka nione meno yangu humo," alituambia, na meno yenyewe yalikuwa yamebaki ya kutafuta. Kuupiga hatukuruhusiwa, kwa hiyo tulijifunza mapigo yake kwa kupiga mapaja yetu nyuma ya jiko. Ulipolia kwenye harusi tuliacha rede katikati, mpira ukabaki chini, tukakimbia.

Bibi alipofariki vyombo viligawanywa. Mimi nikapata birika na lota. Upatu uliazimwa kwa harusi ya Kagunga, ukapanda boti, haukurudi. Nililia kuliko nilivyolia msibani, nasema kweli, maana msibani angalau tulikuwa wengi. Nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nitautafuta mpaka niupate.

Nilipokua nikaingia kwenye biashara ya dagaa, nikawa navuka ziwa kwenda Bujumbura, Kalemie, mpaka Mpulungu. Wenzangu walirudi na vitenge, mimi nikarudi na shaba. Kila soko niliulizia upatu, na kila soko nikaletewa kitu kingine: taa ya Kihindi yenye ndege juu, kengele ya Kihabeshi, na kule Kalemie chura wa Kichina wa shaba, mzito kama mtoto anayeanza kukaa. Nilimpenda yule chura kupita kiasi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Mama Zuhura, iko siku utaniuza mimi ununue koki."

Mwaka huu binti wa kaka yangu, Rehema, akatangaza kwamba anaolewa. Nikaandika kwenye kundi la ukoo kwenye simu: "Natafuta upatu wa harusi." Dakika hiyohiyo majibu yakamiminika. Mmoja akauliza tunaanza na shilingi ngapi. Mwingine akaomba apokee wa kwanza, ana ada ya mtoto. Wa tatu akataka kujua mweka hazina ni nani. Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikaudhika. Watoto wa Ujiji hawa, neno upatu kwao ni mchezo wa kupeana hela tu!

Ni Rehema peke yake aliyenipigia kuuliza, "Shangazi, upatu gani?" Nikamweleza mpaka kile kiraka. Akawasambazia vijana wenzake, na baada ya siku chache akaniletea picha kutoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kule Katonga. Katikati ya lundo la mabomba lilionekana sinia lililoota kutu ya kijani, na ukingoni, kiraka. Sikumaliza chai, nikaenda Katonga.

"Shikamoo, mama. Mwakeye?" kijana wa chuma chakavu akanipokea kwa salamu ya Kiha.

"Marahaba. Huu upatu ni wa bibi yangu. Nauchukua, taja bei."

"Huo mfuniko? Daah, mama, haiwezekani. Bosi keshapima mzigo, gari linaondoka jioni kuupeleka ukayeyushwe. Kilo zikipungua nafukuzwa mimi."

Nikakaa juu ya gunia lake la sufuria mbovu. "Basi litaondoka na mimi. Nipimeni kabisa."

Akajikuna kichwa, akaangalia ziwani, akaniangalia. "Labda ulete shaba nyingine, uzito uleule."

Nilirudi nyumbani nikakusanya koki na makufuli yote ya shaba ya marehemu mume wangu, nikampelekea. Mzani ukakataa, uzito haukutosha. Nikarudi tena, nikasimama mbele ya rafu yangu. Lota na birika ni vya Bibi. Kengele nyepesi, taa nyepesi. Nikamfunga chura kwenye kanga, nikambeba mpaka Katonga. Mzani ukakubali. Kijana akamtupa guniani juu ya mabomba, na ule mlio nausikia hadi sasa. Nilitoka pale nikilia, upatu kwapani, lakini sikugeuka.

Harusi ilikuwa ukumbini, yenye spika za urefu wa mlango na mshereheshaji anayepiga kelele kama anaokoa watu. Nikamwambia azime muziki. Akadhani natania. Nikasimama mbele ya spika mpaka akazima, nikakaa chini, nikaanza kupiga. Zamani, upatu ulipolia hivi, vigelegele vilijibu kutoka nyumba za mtaa wa pili kabla hata haujakolea. Siku ile wageni waliinua simu wakanipiga picha, nami mkono umeanza kufa ganzi. Sikuacha. Kama nimemtoa chura wangu akayeyushwe, mtanisikiliza.

Hapo Rehema akashuka jukwaani na shela lake, akapiga magoti kwenye sakafu, akanyoosha mkono. "Nipe kijiti kimoja, Shangazi." Akapiga. Alikosea kila pigo, na vigelegele havikuja, lakini hakukirudisha kile kijiti. Enzi zetu upatu ulikuwa mmoja mtaa mzima na wapigaji tele. Leo nina shaba za dunia nzima rafuni, na wapigaji tuko wawili, mmoja bado hajui. Basi tutaanzia hapo.