Kilima Kabla ya Picha

Gervais hakuwa baba mkatili, nani asiyemjua pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale? Mahindi yake yakikomaa, majirani hula kabla yake. Lakini ubishi, jamani! Akishaamini jambo, hata ufanyeje humtoi.

Mwanawe wa pekee, Kwizera, alikuwa na ugonjwa unaokula misuli. Alitembea kwa ncha za vidole, akianguka hovyo, na kuinuka ilikuwa mpaka ajisukume kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe. Basi daktari mmoja wa Mbarara, Rugamba, akawaita kwenye utafiti. Angempiga mtoto picha za miguu kwa mashine ya MRI, kwanza akiwa amepumzika, halafu baada ya kupanda ngazi kidogo, aone mazoezi yanaumiza misuli kiasi gani.

"Wiki hii mtoto apumzike," alisisitiza kwenye simu. "Asichoke hata kidogo."

Gervais akaitikia ndiyo, huku moyoni ana yake. Apumzike? Si alimwona binamu yake Vénant! Familia nzima ilikuwa tayari kupelekwa Kanada, picha ya kifua ikaonyesha doa, safari ikafa. Kwa mkimbizi picha ya hospitali ni mtihani. Wakimkuta Kwizera dhaifu hivi, si watamrudisha bila dawa?

Kwa hiyo kila asubuhi walipanda kilima nyuma ya shamba.

"Papa, miguu inawaka moto," mtoto alilalamika.

"Jikaze! Unataka waseme mtoto wa Gervais ni mvivu?"

Na Kwizera, maskini, alijikaza. Siku ya mwisho alishuka akiwa amebebwa mgongoni, na Gervais akafurahi kweli, akaona sasa mtoto yuko tayari.

Kule Mbarara, Rugamba aliitazama ile picha ya kwanza, akaitazama tena. Mapaja yalijaa mabaka meupe ya misuli iliyoumia, na mtoto hajapanda ngazi hata moja.

"Mzee, huyu alikuwa anafanya kazi gani?"

Gervais alitaka kudanganya, ulimi ukagoma. Akasema yote, kilima na asubuhi zake.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka! Alieleza polepole kwamba misuli yako na yangu ikiumia kwa kazi hujijenga upya, lakini ya Kwizera hujijenga kidogo tu, na panapobaki hujaa kovu na mafuta.

"Itarudi?"

"Ingine itarudi. Ingine sijui, mzee. Sasa asipande kitu."

Gervais alitoka anajichukia. Kwizera alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alimwangalia baba yake usoni, akaona mambo si mazuri.

"Papa, usikasirike. Tukifika nyumbani nitapanda mpaka juu kabisa."

"Hupandi tena, mwanangu. Basi."

Mtoto akaangua kilio, akidhani ameadhibiwa kwa kushindwa.