Ibaki Kijani

Juzi, nikiwa kwenye foleni katika ofisi moja ya vitambulisho hapa Mtwara mjini, nilimsikia mama mmoja kutoka Mahurunga, kijiji cha mtoni mpakani, akiambiwa jina lake halimo kwenye mfumo.

"Mfumo uko sawa, mama," karani alisema, akigonga kidole kwenye alama ya kijani juu ya skrini. "Labda nyie ni watu wa ng'ambo ya mto."

Mama alijifunga mtandio upya. "Mwanangu, nimezaliwa Mahurunga. Na baba yangu kazikwa hapo hapo."

Fundi wa kompyuta, aliyeutengeneza ukurasa ule wa kuonyesha hali ya mfumo, aliinama kwenye skrini. Chini ya kijani alikuwa ameweka mistari ya matukio ya karibuni. Akaisoma kwa sauti: "Imeshindwa kusoma majina. Imeshindwa kusoma majina." Tangu asubuhi mfumo ulikuwa umewaka tu, hausomi jina la mtu yeyote.

Bosi akatoka chumbani kwake. Nilidhani anakuja kumwomba mama radhi.

"Hiyo mistari ya chini iondoe," alimwambia fundi. "Inawachanganya wananchi. Ibaki kijani."

Ikaondolewa. Mama akaambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa kijiji, kuthibitisha kwamba ni Mtanzania. Kompyuta iliyoshindwa kumsoma haikudaiwa barua na mtu.