Kiti Kilichojaribiwa na Mwenye Miguu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mingi ametulisha kwa mageti na madirisha, mpaka dada yangu, ambaye ajali ilimwacha na miguu na kiuno visivyo na nguvu, alipojiunga na timu ya mpira wa kikapu ya watumiaji wa viti vya magurudumu. Tangu hapo anamtengenezea viti vya kuchezea, nami sina pa kuanika nguo. Uani kumejaa mabomba na matairi ya baiskeli.

Kiti cha kwanza mume wangu alikijaribu mwenyewe. Alikizungusha, akakikimbiza hadi karibu na ukuta, akayashika magurudumu ghafla kikatulia. Akashuka kifua mbele. "Mwite shemeji aje achukue gari lake," akaniambia.

Dada alikwenda nacho mazoezini. Akakisukuma kidogo, akakisimamisha ghafla adake mpira, na kiti kikabaki nyuma yeye akiwa sakafuni, mdomo umepasuka. Mbele ya wenzake alicheka. Nilipokuwa namsafisha jeraha hakucheka.

"Jumamosi kocha anachagua timu," akasema. "Nikimwagika tena vile, mdogo wangu, mpira basi. Sitaki kuhurumiwa."

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo kama yalivyo, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Chakula kikamshinda. Akapima magurudumu, akapima fremu, akakaa tena kitini, akakikimbiza na kukisimamisha ghafla. Hakutikisika. "Kiti hakina kosa," akasema, nami nikachoka naye kabisa.

Dada ndiye aliyeona, alipokuja kututembelea na mdomo wake uliovimba. Alimtazama mume wangu akizunguka nacho uani.

"Shemeji, hebu simamisha tena. Haya. Sasa mbona umekanyaga kwa nguvu hivyo?"

Mume wangu akaitazama miguu yake. Vidole vimeng'ang'ania pa kukanyagia, tumbo limekaza. Muda wote alikuwa akijizuia kwa viungo ambavyo dada hawezi kuvitegemea, wala hakujua. Aibu ikamshika.

"Basi kuanzia leo wa kujaribu ni wewe," akasema. "Mimi nichomelee tu."

Akakishusha kikalio upande wa nyuma ili magoti yapande na mwili usiteleze mbele, akaongeza mkanda mpana wa kiunoni, huku dada akisema bado, bado, hapo hapo.

Jumamosi dada alikikimbiza kiti, akakisimamisha ghafla, akadaka. Hakumwagika. Nikaanza kupumua. Ndipo mchezaji mwingine akamgonga ubavuni, dada akapinduka, yeye na kiti chake. Mume wangu akajifunika uso kwa kofia. Niliinuka nikimbilie uwanjani.

Dada akakita mkono sakafuni, akajisukuma. Mkanda ukamshika, kiti kikainuka naye. Wenzake hata hawakusimama kumtazama. Akapiga makofi kuomba mpira.

Nililia bila kujificha, kwa jinsi moyo ulivyotua.

"Ameanguka?" mume wangu akauliza, bado yumo ndani ya kofia.

"Ameanguka," nikamwambia. "Na anacheza."