Moto wa Kuomba

Mtaa wetu ulikuwa na sifa moja iliyorudiwa na kila mtu: uko karibu na mji. Ofisa aliyenipa ufunguo aliniambia hivyo, na jirani yangu wa kwanza akaniambia hivyo hivyo kabla hajaniuliza nimetoka wapi. "Hapa unapanda baiskeli, na kabla chai haijatulia tumboni uko Nakuru," alisema, akionyesha barabara kwa kidole kana kwamba ameichimba mwenyewe. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, nikiwa na tabia ya kuuliza iliyowachosha hata walimu wangu. Nikamuuliza: kama uzuri wa mahali ni urahisi wa kutoka, kwa nini mtu akae hapo? Alinitazama, akacheka, na tangu siku hiyo akaniita Bwana Kwa Nini. Baada ya wiki chache mtaa wote uliniita hivyo.

Zilikuwa nyumba za mawe zenye mabati mekundu, zimepangwa safu upande wa Lanet, kati ya reli na barabara ya Nairobi. Kila nyumba ilikuwa na vyumba viwili, kibanda cha jikoni nyuma, na ua wa miiba ya kayaba uliokuwa bado mchanga, haujafika magotini. Zilijengwa kwa ajili ya Waafrika wenye kazi za kalamu: makarani, walimu, dresa wa kufunga vidonda hospitalini. Tuliambiwa kwamba sisi ni mfano, ila hatukuambiwa mfano wa nini.

Asubuhi baragumu la kambi ya askari lililia kwanza. Kisha zilisikika stovu za mafuta taa zikinguruma nyumba hadi nyumba, kisha milango, kisha kengele za baiskeli. Tulitoka kwa mstari kuelekea mjini, mashati meupe mgongoni mwa mashati meupe, tukisalimiana bila kugeuza shingo. Nyuma yetu mtaa ulibaki mtupu. Wanaume wengi walikuwa wameacha wake zao makwao, wakilima mashamba ambayo hawakutaka yaonekane yameachwa. Wanawake waliokaa mtaani walikuwa wachache, na sikuwahi kuwaona wamesimama pamoja.

Jioni tulirudi kwa mstari ule ule na kila mtu akafunga mlango wake. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi la magadi kutoka ziwani, likatua juu ya meza yangu na juu ya vitabu vyangu. Nililifuta, likatua tena. Nilikuwa na kazi katika ofisi ya kilimo, nikitafsiri maelezo ya kuogesha ng'ombe kwa Kiswahili cha kueleweka, na siku nyingine sauti ya mwisho niliyoisikia kabla ya kulala ilikuwa yangu mwenyewe, nikijaribu sentensi kuhusu kupe.

Nyumba ya pembeni ilikuwa haina mtu. Nilipouliza, jirani alisema mpangaji wake alihama. Dirishani palikuwa na sufuria ya bluu, na kwenye kamba nyuma ya nyumba shati lilikuwa limeanikwa hata likapauka. Nikauliza mtu anahama vipi akaacha shati kwenye kamba. Jirani akainamia baiskeli yake, akabonyeza gurudumu lililokuwa limejaa upepo vizuri. "Alihama asubuhi na mapema," akasema, "na askari walimsaidia kubeba." Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikikamata watu kwa tuhuma tu. Kwa mara ya kwanza sikuuliza zaidi.

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka, kwenye shamba la Mzungu huko Molo alikofanya kazi tangu nikiwa mdogo. Mama aliruhusiwa kubaki katika nyumba ya kambi ya vibarua kwa sharti kwamba aendelee kuchuma maua ya pareto. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kazi hiyo hiyo. Asubuhi alihitaji ukuta ili anyooke. Nilikwenda kumwambia kwamba nina vyumba viwili vya mawe na mshahara, na kwamba hatainama tena kwa ajili ya ua la mtu mwingine.

"Nitajaribu mpaka mvua," alisema. "Mvua ikianza nitajua."

"Utajua nini, mama?"

"Baba, wewe huchoki kuuliza," akasema. Aliniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Nitajua kama huko kunakalika."

Aliteremka kutoka kwenye gari moshi akiwa na kikapu, kuku, blanketi, na kipande cha chungu kilichovunjika alichokifunga kwa kitambaa kama watu wanavyofunga sahani ya kioo. Nilimwambia vyombo viko. Akasema hicho si chombo, ni kigae cha moto, akakiweka karibu na mlango.

Kule kambini Molo mafuta taa na kiberiti vilikuwepo kwa wenye navyo, lakini moto wa asubuhi watu waliuomba. Usiku kila mwanamke alifunika makaa yake kwa jivu. Ambaye makaa yake yamekufa alichukua kigae, akaenda kwa jirani, akabisha hodi. Hakuna aliyenyimwa, wala hakuna aliyeondoka mara moja. Alikaa, akaulizwa amelalaje, akasimulia, akasikiliza, na alipofika kwake kaa limebaki jekundu upande mmoja tu, lakini ameshajua nani mgonjwa, nani amepigwa, mtoto wa nani ameota meno. Mama alinieleza siku moja, huku akicheka, kwamba wapo wanawake waliomwagia makaa yao maji kwa makusudi.

Wiki ya kwanza alifagia. Alifagia nyumba, ua, na kipande cha njia kilichokuwa si chetu. Niliporudi jioni alinipa chakula, akaniuliza nimemwona nani. Nikamwambia watu wengi. Akauliza wanasemaje. Kweli nilikuwa nimewaona tu.

"Leo nimeongea na kuku," alisema. "Ni kuku mzuri, lakini hasikilizi."

Wiki ya pili alichukua kigae chake, akaenda kubisha hodi kwa yule jirani yetu, aliyekuwa karani wa reli na mzee wa kanisa. Mume alikuwa kazini. Mkewe, mwanamke mwembamba aliyevaa aproni iliyopigwa pasi hata siku ya kazi, alifungua mlango nusu. Mama alisema moto wake umezimika. Yule mwanamke alirudi ndani mbio, akatoka na kaa moja kwenye koleo, akaliweka kwenye kigae na kusema pole sana, mama. Kisha akabaki pale mlangoni, mkono kwenye kitasa, akisubiri mama aondoke.

Mama hakukata tamaa. Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Mara ya tatu alikaribishwa kukaa kwenye ngazi ya mlango, na wakaongea kidogo juu ya kabeji. Jioni ile mama alikuwa mtu mwingine. Aliniambia mke wa karani anatoka Kisii, kwamba amezaa mtoto akamzika, kwamba kabeji zake zinaliwa na wadudu kwa sababu anazimwagilia maji saa mbaya. Mimi nilikuwa jirani yao karibu mwaka mzima na nilijua namba ya nyumba yao tu.

Asubuhi moja karani alipunguza mwendo wa baiskeli mpaka akawa sambamba nami.

"Bwana Kwa Nini, leo mimi ndiye nina swali."

"Uliza."

"Mtu anasoma mpaka Uganda. Anarudi, anapewa nyumba ya mawe. Halafu mama yake anazunguka na kigae akiomba moto kama mtu wa njaa. Kwa nini?"

"Haombi moto," nikasema. "Kiberiti kiko mezani."

"Sasa anaomba nini?"

Nilimweleza habari ya kambi ya Molo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka tulipofika njia panda ya mjini, akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe unaona haya kusema mmepungukiwa. Hakuna aibu, bwana. Sisi ni majirani."

Jumapili, baada ya ibada, walikuja. Karani, mkewe, na wazee wengine wa kanisa, wote na viatu vilivyong'aa. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda kanisani, na walikuwa hawajawahi kuingia kwangu, kwa hiyo viti havikutosha. Walileta kifurushi. Ndani mlikuwa na viberiti, pakiti nzima, chupa ya mafuta taa, na utambi mpya wa taa. Karani aliomba, akamsihi Mungu aijaze nyumba hii kila kilichopungua. Nilifungua macho wakati wa sala, kama kawaida yangu, nikaona mama ameinamisha kichwa, mikono yake imeshika pakiti ya viberiti. Mke wa karani naye alikuwa amefungua macho, akimtazama.

Mama aliwashukuru, akawapa chai, akawasindikiza mpaka ukingo wa kayaba. Kisha akarudi, akavipanga viberiti juu ya rafu kimoja baada ya kingine.

"Watu wazuri," akasema.

"Nitawaeleza tena, mama. Hawakuelewa."

"Utawaeleza nini? Mtu amekupa kiberiti. Utarudi kwake kesho umwambie moto wako umezimika?"

Akakaa kwenye stuli. "Wamenifungia mlango kwa heshima. Sijawahi kufungiwa hivyo."

Nilimfuata karani jioni ile, nikamkuta akimwagilia kabeji zake. Nilimwambia kwamba mama yangu atarudi Molo kuinama kwenye pareto kwa sababu ya zawadi yao. Hakukasirika. Aliweka mkebe chini, akatazama upande wa nyumba ya pembeni, ambako lile shati bado lilikuwa kwenye kamba.

"Yule alikuwa mtu wa kutembelewa," akasema polepole. "Kila jioni watu walikuwa kwake, chai, maneno. Askari walipomchukua waliuliza nani alikuwa akiingia. Wewe hukuwepo." Akauokota mkebe. "Mama yako ni mtu mzima, hana neno. Lakini ukizoea mlango wako kugongwa, hutajua siku unayopaswa kuogopa."

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa na vitabu vizima juu ya jamii, nikavipekua mpaka usiku nikimtafuta ndani yake mtu huyu na kabeji zake.

Mvua ilianza kwa upepo kutoka mlima wa Menengai, kisha matone mazito juu ya mabati, kiasi kwamba hatukusikiana. Ilipotulia mama alikuwa ameshafunga kikapu. Sikumbembeleza sana. Nilimwuliza mgongo je. Akasema mgongo unauma kote, ila kule unauma ukiwa na watu. Alimwacha kuku. Kigae alikifunga tena kwa kitambaa chake, akaenda nacho.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kubwa. Nilinunua redio, nikaiuza. Nilisoma usemi wa watu wenye akili kwamba upweke ni sharti la kufikiri, nikajiuliza kama waliousema walikuwa na mtu wa kuwapikia.

Jumamosi moja, mwezi ulipokuwa umekaribia kwisha, nikiwa nimeketi mlangoni nikisahihisha maelezo ya dawa ya kupe, nilisikia hodi. Alikuwa mke wa karani. Mumewe alikuwa zamu stesheni. Hakuvaa aproni. Mkononi alikuwa na sahani ya bati, tupu.

"Mama yuko?"

"Alirudi Molo. Mvua ilipoanza."

"Lo. Nilidhani ni mgonjwa, hatoki." Alishusha sahani kando ya gauni, kama mtu anayeficha kitu. "Moto wangu umezimika."

Nyuma yangu juu ya rafu viberiti vyao vilikuwa vimepangwa, havijafunguliwa, na aliviona. Tukavitazama wote wawili. Mimi sikuwa na kaa hata moja. Nilikuwa mtu wa stovu.

"Atarudi lini?"

"Sijui."

"Mwambie nilikuja," akasema, akaondoka kwa kufuata njia ndefu ya nyuma ya nyumba, mbali na barabara.

Nilipopata likizo nilikwenda Molo. Nilimkuta mama kwenye banda la kukaushia maua. Nyapara alikuwa amemhurumia, akamtoa shambani, naye alikuwa amekaa kati ya wanawake wenzake, anageuza pareto kwenye trei na kuongea. Alikuwa amekonda lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Nilijua kabla sijauliza kwamba safari yangu ilikuwa ya kusalimia tu. Nikampa ujumbe.

Aliacha kugeuza maua. "Alikuja na nini?"

"Sahani ya bati."

"Bati?" Aliwageukia wenzake, akawaeleza kwa lugha yetu, wakacheka wote, lakini si kwa ubaya. "Ataungua vidole, maskini. Bati linashika joto." Akavuta trei nyingine, akaanza kuigeuza. Nilitumaini kwamba mawazo yake yanaelekea Lanet.

Asubuhi ya kuondoka alinipa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Nilikijua kabla sijakifungua.

"Mpelekee."

"Na wewe utatumia nini?"

"Hapa vyungu vinavunjika kila siku, baba."

Nilikibeba kwenye gari moshi, juu ya mapaja, mpaka Nakuru, kisha mfukoni mwa koti kwenye baiskeli mpaka mtaani. Asubuhi iliyofuata, kabla ya baiskeli kuanza kutoka, nilibisha hodi kwa karani. Alifungua mwenyewe, tai yake bado haijafungwa.

"Hiki nini?"

"Ni cha mama wa hapa. Kimetoka Molo."

Akakigeuza, akakitazama upande uliokuwa mweusi kwa moshi na upande mwingine. "Lakini kimevunjika," akasema.

"Ndiyo."

Aliangalia barabarani, kwanza upande huu, kisha upande ule. Kutoka ndani, jikoni, sauti ya mkewe ikasema, "Kilete."