Bwawa la Mama Minza

Changarawe iliyopigwa jua mchana kutwa, ikimwagiwa maji, hutoa harufu ya chuma na udongo. Juzi mafundi walikuwa wakichanganya zege jirani na kwangu, hapa Kahama, harufu ile ikanifikia jikoni. Nikazima jiko, nikakaa chini.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Segese, nyumba ya mwisho kabla ya majaruba ya mpunga. Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Mwaka mmoja duara lao, yaani shimo walilokuwa wakichimba, liliporomoka likamfukia rafiki yake. Baba akarudi nyumbani amekuwa kama bubu. Hakutaka kulima, hakutaka hata kwenda gulioni. Mama akamwomba kitu kimoja tu: amchimbie bwawa la samaki uani.

Akalichimba. Tukatandika turubai, tukajaza maji, tukaweka perege. Haukupita muda maji yakawa mazito na ya kijani kama mlenda, samaki wakawa wanapanda juu kuhema. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Baba Minza, umenichimbia samaki au mboga?"

Baba naye akacheka. Tangu arudi sikuwa nimemsikia akicheka.

Kesho yake aliokota kijiti akachora mchangani. "Njoo uone, ng'wanone," aliniita, yaani mwanangu, kwa Kisukuma chake cha upole. Kando ya bwawa, mahali palipoinuka kidogo, tungechimba shimo jingine la kina kifupi. Chini tungelaza bomba lenye matundu, juu yake mawe makubwa, kisha kokoto, kisha changarawe, na juu kabisa mafunjo na majimbi. Pampu ingesukuma maji machafu yaingie kwa chini, yapande taratibu katikati ya mawe, na yakifika juu, mizizi iwe imekwisha kula uchafu. Halafu yangejirudia bwawani yenyewe.

"Uchafu wa samaki ni chakula cha majani," alisema. "Hakuna kinachotupwa."

Tulifanya kazi ile kiangazi chote. Baba alitoboa bomba kwa msumari uliotiwa moto, nami nikaziba pua kwa moshi wa plastiki. Mama na mimi tulibeba changarawe kutoka mtoni, tukaiosha kwenye karai mpaka maji yatoke meupe, maana Baba alikuwa akichovya mkono na kutupigia kelele akiona tope. Pampu ya sola aliinunua Mama kwa mpunga wake wa msimu mzima. Jioni tulikula ugali na dagaa palepale ukingoni, miguu ikiwa na matope, Baba akieleza jinsi maji yalivyo na tabia ya uvivu, hupita penye njia rahisi.

Mafunjo yaliposhika mizizi, maji yalianza kung'aa. Asubuhi moja niliona samaki mpaka chini kabisa, na kivuli chake kikimfuata. Majirani walikuja kushangaa. Mama alileta kigoda chake, akakaa hapo akichambua mchele, na Baba akakaa karibu naye. Nilidhani maisha yatakuwa hivyo.

Ndipo akaja Masanja, mchimbaji mwenzake wa zamani, pikipiki yake nyekundu kwa vumbi. Hakukaa hata kidogo.

"Duara jipya limetema, kaka. Watu wanatoka na mawe ya dhahabu. Sisi letu limejaa maji tu."

Baba aliangalia bwawa. Mama aliangalia Baba.

"Naiazima wiki moja," alisema Baba, tayari ameinama kung'oa nyaya za pampu.

"Baba Minza, samaki watakufa."

"Wiki moja, Mama Minza."

Wiki ikapita, na mwezi ukapita. Mama alichota maji bwawani kwa ndoo, akayamimina kwenye lile bomba, asubuhi na jioni, mpaka mabega yakavimba. Nilimwambia tuwale samaki wote yaishe. Akanikaripia kama nimetukana mtu. Walikufa kidogo kidogo; tukawazika migombani.

Baba alirudi baada ya mavuno mengine, kwa siku moja, amevaa shati jipya. Habari za nyumba yake nyingine huko Geita zilikuwa zimeshamtangulia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekua."

Alizunguka uani, akasimama mbele ya tope lililokauka na mafunjo yaliyogeuka njano. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Mbona mmeliacha bwawa likafa hivi?"

Mama alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nikamchemshie baba yangu maji ya kuoga.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia Mama kwa kunyamaza kule, na Baba kwa kukosa haya. Sasa nina watoto, nimeona jinsi watu wanavyoondoka, na najua haikuwa kukosa haya. Baba alikuwa ameshasahau kwamba pampu aliichukua yeye. Aliamini kabisa kwamba alituachia kitu kizima, tukashindwa kukitunza. Mama aliliona hilo usoni pake siku ile, akajua kwamba hakuna tena mtu pale wa kujibiwa.