Cherehani Juu ya Kisima

Mama yangu ni fundi cherehani, na ukaidi wake hauna dawa. Miaka nenda miaka rudi ameshonea uani, mahali palepale, anayemhamisha ni mvua tu. Chini ya cherehani kuna zulia la plastiki, chini ya zulia mlango wa zamani wa jikoni, na chini ya mlango kuna kisima alichochimba marehemu baba.

Maji ya bomba yalipofika, baba alikataa kukifukia. Bomba litakauka siku moja, alisema, mtanikumbuka. Kisha akafa. Baadaye mtoto wa jirani aliponea chupuchupu kutumbukia humo. Mama akaziba mdomo wa kisima kwa ule mlango, akaweka cherehani juu yake, akakaa.

"Nikiwa hapa," aliniambia, "nani atakanyaga?"

Basi akawa mlinzi. Kwenye harusi yangu hata chakula hakugusa, alirudi mbio. Nilipojifungua, pongezi zilikuja kwa simu. Niliumia, siwafichi. Nilijiona mtoto wa kambo, cherehani ndiyo mtoto wa kumzaa.

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake, nikakuta mguu mmoja wa cherehani umezama zuliani. Mama kautegemeza kwa kitambaa, anaendelea na suruali ya watu. Nikamwambia ainuke. Akasema amalize pindo kwanza. Jamani, pindo!

Nikamwita fundi wa visima, tunayemwita Koleo. Alinizuia nisimsogelee mama, mlango usije ukaelemewa. Akalaza mbao ndefu mpaka kwenye kiti, mama akapita juu yake taratibu, mkasi mkononi. Cherehani ikavutwa kwa kamba. Zulia lilipoondolewa, Koleo aliugusa mlango kwa mtaimbo, nao ukamegeka kama mkate.

Bado mama akagoma. Hakifukiwi, ni jasho la mume wake. Koleo hakubishana naye.

"Sawa, mama," alisema. "Na siku ukiondoka duniani, atakaa nani hapa?"

Mama alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa anaokota vifungo vilivyomwagika. Akaitikia kwa kichwa.

Koleo alikataza mtu yeyote kushuka, maana hewa ya kisima kilichofungwa inaua. Akakataza pia takataka, kwa kuwa majirani wenye visima bado wanachota maji yaleyale ya chini. Vibarua wakamwaga mawe na changarawe safi, wakashindilia udongo wa mfinyanzi, wakafunika kwa zege pana kuliko mdomo wenyewe.

Zege lilipokauka sawasawa, mama alilikanyaga kwa mguu mmoja, halafu wa pili. Alisimama hapo akifuta machozi kwa upindo wa kanga, nami nikadhani anamlilia baba.

"Mwanangu," akaniuliza bila kunitazama, "kwako kuna kitanda cha kunitosha?"